Alama Chini ya Kikombe

Kwenye msiba wa Mama Penda nilipewa birika. Binti yake, Penda, alinishika mkono nilipoingia uani, akasema, "Dada Nasieku, wewe unajua kugawa chai bila maneno," akaniwekea birika kubwa mkononi kabla sijavua koti. Nilishukuru. Mtu aliyeshika birika haulizwi anajisikiaje. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, turubai zimefungwa kwenye mibuni ya zamani, na wanawake wa kanisani walikuwa wanakoroga ndizi za machalari kwenye masufuria nyuma ya nyumba huku wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu chumvi. Vikombe vilipangwa juu ya meza ndefu: vya plastiki vya rangi rangi, vya bati vilivyobanduka, na katikati yao vile vyeupe vizito ambavyo ningevitambua hata kwa kuvipapasa. Nilikuwa nimemaliza kuwahudumia wazee wa mbele nilipoona gari likisimama kule chini kwenye tope, na mwanamke wa Kizungu mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe akishuka na kuangalia pa kukanyaga. Nilimjua kwa mwendo. Alikuwa Mama Klara. Watu walimpisha, mtu akamfutia kiti kwa kanga, akakaa. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu, hasira au aibu, na sikusikia chochote. Nilisikia uzito wa birika tu.

Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa polepole, kwa hiyo nitaeleza mwaka mmoja tu, ule nilioishi nyumbani kwa Mama Klara. Nilikuwa msichana ambaye akiulizwa jina anaangalia miguu yake. Nyumba ilikuwa upande wa mashambani ukitoka mjini kuelekea Usa River, mahali ambapo kahawa imekatwa na kujengwa nyumba kubwa zenye nyasi fupi na mbwa. Mlima Meru ulikuwa nyuma yetu, lakini kutoka jikoni haukuonekana, kwa sababu dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa stoo. Ulionekana barazani, ambako sisi tulipita tukiwa na trei. Mama Penda alikuwa mpishi, mwanamke wa Kimeru mnene, Mlutheri, aliyefanya kazi pale tangu kabla Klara hajazaliwa. Mimi nilikuwa wa kumlea Klara, na Loti, kijana wa Kiarusha kama mimi, alikuwa getini. Baba Klara alikuwa porini na wageni wake muda mwingi, nasi tulimwona kwa viatu vyake vyenye vumbi vilivyoachwa mlangoni.

Siku ya kwanza Mama Penda alinionyesha nyumba namna mtu anavyoonyesha shamba lenye nyoka. "Mlango wa mbele si wako. Choo chako kile pale nyuma, ufunguo uko kwenye msumari. Sabuni ya ndani usiishike, yetu ni hii ya mche. Kwenye makochi huketi hata kama mtoto amekulalia, unambeba unakaa naye chini." Halafu alifungua kabati la vyombo. Vikombe vyote vilikuwa vya aina moja, vyeupe, vizito, vya aina ya mahotelini. Alikigeuza kimoja. Chini yake kulikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha. "Vyenye hili ni vyetu. Visivyo nalo ni vyao. Na vinaoshwa mbali mbali." Nilimuuliza kwa nini. "Afya," alisema, na akalitamka neno hilo kama jina la mtu wa mbali. Kila mwaka wafanyakazi walipelekwa kupimwa kifua, na hata majibu yetu yalipotoka safi tuliendelea kunywea vikombe vyenye tone. Loti alikuwa akisema, "Daktari katupitisha, rangi ya kucha bado inatafakari." Mama Penda alimkaripia, lakini alikuwa anacheka kwa mabega.

Sitaki mtu adhani Mama Klara alikuwa mkatili. Hakuwahi kunitukana. Nilipoumwa jino alinipeleka mwenyewe mjini na kunisubiri. Alitupa masweta, mazuri kuliko ya kununua sokoni Kwa Mrombo. Hakuna siku alisema kwamba sisi ni weusi na wao ni weupe, na ndiyo maana ilinichukua miaka kuona kwamba nilikuwa nimeishi kwa sheria hiyo kutwa nzima. Hapakuwa na kibao popote. Tulipompeleka Klara kuogelea kwenye klabu, wayaya wote tulikaa kwenye benchi la kando ya ukuta, tukiwa na mataulo mapajani, na hakuna aliyetuambia tukae pale. Tulifika na kukaa. Ningetaka kusema kwamba nilichukia, lakini nakumbuka zaidi kwamba benchi lilikuwa na kivuli. Barazani, rafiki zake walipokuja kunywa kahawa, kila mmoja alizungumza kuhusu wa kwake. Wangu anaiba sukari. Wangu ana mimba tena. Wangu ni dhahabu, sijui ningefanya nini bila yeye. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini neno hilo la "wangu" nililijua upesi. Mama Klara aliposema wake ni dhahabu, alinyoosha kidole kuelekea jikoni, na Mama Penda aliyekuwa anapita na keki alitabasamu kwa adabu kama mtu aliyepigwa picha.

Chakula chetu kilinunuliwa peke yake: sembe, maharage, dagaa. Mbwa walipikiwa nyama ya mifupa, na aliyeipika ni Mama Penda, kwenye sufuria iliyokuwa kubwa kuliko yetu. Tulikula tumekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, nyuma ya jiko, karibu na bomba. Hapo ndipo nilipomfahamu. Alinitania kwa kabila langu. "Ninyi Waarusha mkipewa maziwa mgando mnaona mmefika mbinguni. Njoo nikufundishe kupika kitu chenye rangi." Alinifundisha mtori wa ndizi, kisha mikate ya Kizungu, kisha namna ya kusikia harufu ya siagi kabla haijaungua. Na alikuwa na desturi moja. Kwao Meru, mtu mzima akikupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, uone hakina ubaya, ndipo anakupa. Wenzake walifanya hivyo kwa pombe ya ndizi. Yeye hakugusa pombe maisha yake yote, kwa hiyo aliihamishia desturi hiyo kwenye chai. Kila asubuhi aliandaa kikombe, akapiga funda moja dogo, akaniangalia, akanipa. Mwanzoni nilidhani anahakikisha sukari.

Mwaka ule walikuwa wanajenga loji juu kidogo ya nyumba, kwa ajili ya wageni wa kupanda mlima. Mama Klara alikuwa amemwahidi Mama Penda jiko la loji. Ahadi hiyo ndiyo tuliyoishi nayo. Alimpeleka kuliona likiwa bado matofali, na Mama Penda aliporudi hakuzungumzia majiko ya gesi wala friji. Alizungumzia dirisha. "Nasieku, lina dirisha hapa mpaka pale. Unakata kitunguu unauona mlima wote." Angekuwa mpishi mkuu, angekuwa na wasichana chini yake, na mimi ningekuwa wa kwanza wao, kwa sababu Klara angeanza shule. "Na kule," alisema, "mpishi anaonja kwenye sufuria anayopikia. Hawezi kupika kwa kukisia." Alikuwa amepika kwa kukisia miaka yote ile, maana mwiko uliogusa mdomo wake haukuruhusiwa kurudi kwenye chakula chao. Loti alimwita mheshimiwa. "Mheshimiwa, ukifika huko utanikumbuka na soseji?" "Nitakukumbuka na mifupa ya mbwa," alimjibu. Jioni alikaa kwenye ndoo yake akipanga rafu za jiko lile kwa mkono hewani, hapa sahani, hapa viungo, nami nikawa nimekaa naona rafu zenyewe.

Kabla ya mvua za masika Klara aliugua nimonia. Alilazwa mjini, nami nililala naye hospitalini, chini, kwenye mkeka. Daktari aliyemtibu alikuwa kijana wa Kimeru, mtaratibu, ambaye alikuwa anapita hata siku zisizo za zamu yake. Klara alimpenda kwa sababu alimwacha mtoto naye ampime kwa kifaa chake cha kusikilizia kifua. Mtoto alipopona, Mama Klara alimwalika daktari chakula cha mchana kumshukuru. Nakumbuka ilivyotusumbua jikoni. Katika muda wote wa Mama Penda pale, hakuwahi kumwandalia mezani mtu mweusi. Wakaguzi na mafundi walipewa soda wakiwa wamesimama. "Anakaa wapi?" nilimuuliza. "Anakaa kwenye kiti," alisema Mama Penda, na akatandika meza kwa vyombo visivyo na alama, kila kitu mahali pake, kama kwa mgeni yeyote.

Daktari alikuja na shati jeupe na zawadi ya asali. Walikaa barazani, yeye, Mama Klara, rafiki zake wawili wa jirani, na Klara ambaye nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Mama Penda alipotoka na bakuli la supu, daktari alimtazama, akaweka kitambaa chake mezani, akasimama. Aliinama. "Shikamoo, mama." Mama Penda alikuwa na bakuli la moto mikononi, akasimama nalo. "Marahaba, baba." Wakaulizana kwa Kimeru, na ikajulikana kwamba wanatoka kata moja, kwamba mama yake daktari na Mama Penda walipata kipaimara pamoja. Wale wanawake walitabasamu wakisubiri supu. Mama Klara alisema kwa Kiswahili chake kizuri kwamba dunia ni ndogo. Baada ya hapo daktari hakuweza kula vizuri. Kila Mama Penda alipoleta kitu alijiinua nusu, kwa sababu kwao mtu hapokei chakula kutoka kwa mama yake akiwa amebweteka, na kila mara Mama Klara alisema, "Tafadhali, kaa tu, daktari."

Walipomaliza, mimi nilileta kahawa. Daktari aliomba radhi, akasema anaingia jikoni mara moja kumshukuru mpishi. Sikumfuata, kwa hiyo nililosikia ni sauti zao tu kupitia mlango, Kimeru na kicheko, na mlio wa sufuria ya maziwa ikiwekwa chini. Alirudi na kikombe mkononi. Ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi, chai yetu ya nyuma ya jiko, na juu yake bado kulikuwa na povu lililovunjika upande mmoja, mahali alipoonja Mama Penda. Akakaa nayo mezani, kati ya vikombe vya kahawa. Vilifanana vyote. Hakuna ambaye angejua. Lakini Klara, ambaye usawa wake wa macho ulikuwa ule wa vitu tunavyobeba, alikuwa ameona tone chini ya kikombe mgeni alipokuwa anakuja. Alinigeukia, akifurahi, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtoto anayemsifu mtu mzima, "Dada Nasi, daktari anajua. Amechukua cha kwenu."

Nakumbuka njiwa kwenye bati. Nakumbuka kijiko cha mmoja wa wale wanawake kikiendelea kukoroga kahawa isiyo na sukari. Daktari alikinyanyua kikombe juu ya uso wake, taratibu ili kisimwagike, akaangalia chini yake. Akakiteremsha. "Kina alama," alimwambia Klara.

"Ndiyo. Vyetu havina."

"Na nikitumia chako?"

Klara alifikiri. "Utakuwa umesahau. Halafu tutaumwa."

"Klara, ingia ndani," alisema Mama Klara. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kola.

"Mwache, amefundishwa vizuri," daktari alisema, bila kupandisha sauti. Akainywa ile chai. Hakuiharakisha. Tulikaa wote tukimsubiri, mimi nikiwa nimeshika bega la mtoto, na alipofika mwisho alikigeuza kikombe kidogo mdomoni kupata sukari iliyobaki, kama tunavyofanya wote, akakiweka mezani, akashukuru kwa chakula, akaondoka. Asali ilibaki kwenye kiti.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza Mama Penda, "Mama, ulisahau?"

"Nisahau nini?"

"Kikombe."

Aliendelea kukwangua sufuria. "Nilimpa changu. Mtoto wa kwetu ningempa cha nani?"

Nilimtazama usoni nijue kama alikuwa amekusudia. Sikuona. Mpaka leo sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Siku iliyofuata Mama Klara aliingia jikoni na pamba na chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alitoa vikombe vyote kabatini, akavipindua mezani, akaanza kufuta tone moja baada ya jingine, na jikoni pakanuka kama saluni. Tulitaka kumsaidia, akakataa. "Kuanzia leo vikombe ni vikombe," alisema. Mama Penda alisema, "Sawa, mama." Kesho yake asubuhi nilimkuta Mama Klara amesimama mbele ya kabati lililo wazi. Vikombe vilikuwa vimepangwa, vyeupe, havina tofauti. Mkono wake ulinyooka, ukarudi. Ukanyooka tena kwa kingine. Aliponiona alifunga kabati, akachukua glasi. Alikunywa kahawa kwenye glasi akiishika kwa kitambaa kwa sababu ya moto. Hazikupita wiki nyingi vikaja vikombe vipya, vya bluu, vikawekwa kwenye kabati la chumba cha kulia, na ufunguo wa kabati hilo ukawa kwake.

Hakuna aliyemfokea Mama Penda. Ningependelea wangemfokea, naye angejibu. Loji ilipoezekwa, hakuitwa tena kwenda kuiona. Akaja mpishi mwanamume kutoka hoteli ya mjini, mwenye kofia nyeupe, akauliza stoo iko wapi. Mama Klara alimwita Mama Penda barazani na kumwambia kwamba amechoka, kwamba magoti yake si mazuri, kwamba anastahili kupumzika nyumbani kwake. Niliyasikia nikiwa napiga pasi chumba cha pili. Mama Penda alisema, "Magoti yangu ni mazima, mama." Halafu akasema, "Sawa." Nilikuwa napiga pasi sketi ya shule ya Klara, nikaendelea kuipiga hata ilipokwisha kunyooka.

Alipoondoka walimpa blanketi, fremu yenye picha yake akiwa ameshika keki, na boksi lililofungwa kwa gundi. Loti alilibeba mpaka barabarani. "Mheshimiwa, humu kuna nini, mawe?" "Vikombe," alisema Mama Penda. "Vyote." Alinikumbatia, na nguo yake ilinuka siagi. Alinitazama akingoja niseme kitu, nami nikaangalia miguu yangu. Nilibaki pale mpaka mwisho wa mwaka, Klara alipopelekwa Ulaya shuleni, na katika miezi hiyo nilinywa chai kwenye kikombe cha plastiki nilichojinunulia sokoni. Sikulia. Nilingoja machozi kama mtu anavyongoja gari, kisha nikaacha kungoja. Watu huniuliza kwa nini sijaajiriwa tena ndani ya nyumba ya mtu, kwa nini nauza uji na maandazi yangu Ngarenaro juani, na huwa nasema napenda hewa.

Basi msibani nilifika alipokaa Mama Klara. Klara alikuwa ametuma salamu kwa simu, alisema, Klara ana mtoto sasa. Alisema Mama Penda alikuwa mwanafamilia. Nilisema, "Ndiyo, mama. Pole." Penda alikuwa amemchagulia kikombe kizuri mezani, na kizuri kilikuwa kimoja kati ya vile vyeupe, kwa hiyo ndicho nilichokuwa nacho kwenye trei. Nilimimina chai, nikampa. Alikishika. Sikuona kama alikitambua kwa uzito au kwa umbo, niliona tu vidole vyake vikitulia. Kisha alikinyanyua juu ya uso wake, taratibu ili kisimwagike, akaangalia chini yake.

Hapakuwa na kitu. Alikuwa amevisafisha mwenyewe.

Alipokiteremsha tulitazamana. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri chai, na kwaya ilikuwa inajipanga. Niliweka birika chini kwenye nyasi. Nikachukua kile kikombe mikononi mwake, nikapiga funda moja dogo mbele yake, nikamrudishia. Nilifanya hivyo bila kuwaza, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Mwanamke mzee aliyekaa jirani, wa kanisani kwa Mama Penda, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama Klara alisema asante. Nikachukua birika, nikasogea kwa aliyefuata.

Baada ya maziko tulikusanya vyombo. Chini ya kiti cha Mama Klara nilikuta kikombe kile kimejaa, na utando wa maziwa juu yake, na jani la mgomba limewekwa kukifunika vizuri, inzi wasiingie. Sikuwa nimekunywa kitu tangu asubuhi. Niliondoa jani, nikainywa chai ile nikiwa nimesimama, imepoa, mpaka sukari ya mwisho. Halafu nikakitia kwenye beseni pamoja na vingine.